Kidole Gumba cha Otsune

"Usisugue kila doa." Mmenisikia nikimwambia mjomba wenu hivyo asubuhi, mkacheka, mkadhani nasema habari za sufuria. Haya, wekeni kicheko kando. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kijijini kwetu, kwenye milima hii ya Japani, aliishi mchonga mabakuli aitwaye Kihachi. Yeye alichonga kwa mkono, na mkewe Otsune akapaka utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka, kisha akaliweka bakuli katika kabati lenye unyevu, maana utomvu ule haukauki penye hewa kavu. Miaka thelathini walifanya kazi hivyo, na sifa zote zikaenda kwa Kihachi. Jambo hilo huniudhi mpaka leo.

Uzeeni macho ya Otsune yalififia. Hakuweza tena kuona kama bakuli limekauka, ikambidi aguse. Mara nyingine aliwahi mno, kidole gumba kikaacha alama. Hapo Kihachi alichukua mkaa na maji, akasugua mpaka alama ikafutika, akapaka upya huku akinung'unika.

Siku moja alikuja mnunuzi kutoka mjini. Akaligeuza bakuli moja mkononi, akaona alama ya kidole ambayo Kihachi alikuwa bado hajaifuta, akacheka.

"Mzee Kihachi, huu ndio mhuri wako mpya?"

Kihachi aliona aibu. Akamgeukia mkewe mbele ya mgeni.

"Nimekwambia mara ngapi usiguse? Toka! Kuanzia leo usikanyage karakana yangu."

"Nisamehe, bwana. Nilitaka kukupunguzia kazi tu."

"Basi nipunguzie kwa kukaa mbali."

Otsune akakaa mbali. Alipika, akaweka chakula mlangoni mwa karakana, akarudi jikoni. Na alama ile iliyochekwa, Kihachi aliisugua jioni ile ile. Alijua amekosea, nina hakika alijua, lakini kila siku alijiambia atamwita kesho. Majira ya mvua yakaingia, Otsune akashikwa na homa. Siku ya tatu akafa.

Baada ya mazishi, Kihachi aliyashusha mabakuli yote rafuni. Akayapeleka dirishani moja moja, akitafuta alama ya kidole kile. Hakupata hata moja. Alikuwa fundi hodari mno, maskini. Kila bakuli lilimwonyesha uso wake mwenyewe tu. Akaketi sakafuni akalia, na majirani wote walimsikia.

Miezi ikapita. Kisha siku moja akamsikia seremala wa jirani akimfokea mkewe kwa kumwaga gundi. Kihachi akatoka bila viatu, akasimama uani kwao.

"Ndugu yangu," akasema, "tazama nyumba yangu. Mabakuli yote ni safi, na hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba mke wangu aliishi humo. Usisugue kila doa."