Jasho la Giaboksi

Ushirika mmoja wa wakulima wa viazi ulikuwa na lori. Siku sensa ya joto ilipofungwa kwenye giaboksi ya lori hilo, waliokuwapo uwanjani ni hawa. Alikuwapo Ambakisye Mwankenja, mwenyekiti. Alikuwapo Tusekile Mwaijande, mtunza ghala. Walikuwapo wapakiaji wawili wa ukoo wa Mwaisumo, Ipyana na Osia, wamekalia magunia. Alikuwapo Lwitiko Mwasomola, dereva, ambaye ndiye aliyeiomba sensa hiyo, kwa kuwa alitaka kujua giaboksi inapochemka kabla haijamharibikia mteremkoni. Na chini ya lori, chali, alikuwapo Anyosisye Mwakalobo, fundi. Hakuna aliyekosekana. Lisemwe hilo mapema, maana baadaye kila aliyeulizwa alidai kwamba siku ile alikuwa mahali pengine.

Anyosisye alikuwa fundi mzuri. Hilo nalo lisemwe. Alimwaga mafuta ya giaboksi, akaondoa kizibo cha chini, akasafisha tundu taratibu kama mtu anayesafisha sikio la mtoto. Alipotaka kufunga sensa mahali pa kizibo, akaona washa ya shaba haimo kwenye pakiti yake. Washa hiyo ni kipete chembamba, upana wake hauzidi kucha ya kidole gumba. Hubanwa kati ya sensa na chuma, na ndiyo inayozuia mafuta yasipite. Bila washa, kukaza ni kazi bure. Alikuwa amelijua hilo kwa miaka ishirini na sita.

"Washa hakuna," alisema kutoka chini. "Tungoje basi la kesho lituletee kutoka mjini."

"Viazi vimeshafungwa, fundi," alisema Mwankenja. "Zungusha tepu ya mabomba, ukaze. Au mkono umeishiwa nguvu?"

Osia Mwaisumo alicheka. Na fundi mzuri, kwa ajili ya kicheko kimoja, akazungusha tepu nyeupe, akakaza mpaka spana ikalia.

Asubuhi palikuwa na tone chini ya lori. Moja tu.

"Linavuja," alisema Tusekile.

Anyosisye alifungua kinywa. Angesema ndiyo, jambo lingekwisha pale pale: kumwaga mafuta, kuvua sensa, kungoja washa. Lakini mwenyekiti alikuwa akimtazama, na Osia alikwisha kuanza kutabasamu.

"Hilo ni jasho tu, dada. Chuma kikifanya kazi hutoka jasho. Wewe ukipanda mlima na gunia hutoki?"

Watu walicheka, na neno likapendwa. Halikupita juma, hapakuwa na mtu katika ushirika ule aliyesema kuvuja. Tusekile alipolirudia mkutanoni, aliambiwa asiwavunje watu moyo, naye akanyamaza. Zaidi ya kunyamaza, kila Jumatatu alitoa ghalani tambara jipya, lililoitwa tambara la jasho. Kila asubuhi Anyosisye alilala chini ya lori na kupangusa, ili mwenyekiti akifika akute pakavu. Mikono iliyoweza kuziba tundu ikawa hodari katika kulificha. Mafuta hayakuongezwa. Nani huongeza mafuta kwa sababu ya jasho?

Alhamisi ya juma la saba, Anyosisye aliingia chini ya lori na tambara, akakuta hakuna cha kupangusa. Ardhi ilikuwa kavu. Sensa ilikuwa kavu.

"Jasho limekauka!" alisema Mwankenja, akapiga makofi. "Sikuwaambia? Chuma kimezoea kazi."

Lwitiko alishuka kutoka kwenye usukani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema jana njia nzima sindano ya kipimo cha joto haikupanda, ilikaa kwenye baridi, hata mlimani. Tena giaboksi ilikuwa ikitoa sauti asiyoizoea.

"Inaimba," alisema Osia. "Imefurahi kupona."

Wakati huo Anyosisye alijua. Alijua kama mtu anavyojua jina lake. Sensa hupima mafuta. Mafuta yakiisha, hubaki inapima hewa, na hewa haipati moto haraka. Sindano haikuwa kwenye baridi kwa sababu giaboksi ni nzima. Ilikuwa kwenye baridi kwa sababu ndani hamna kitu. Na ardhi ilikuwa kavu kwa sababu hiyo hiyo.

Lwitiko aliinama, akamtazama pale chini, uso kwa uso.

"Kaka Anyosisye. Wao waache. Wewe niambie neno moja: linavuja, au halivuji?"

Tambara lilikuwa mkononi mwake. Ili aseme ukweli wa siku ile, ilimpasa aseme kwanza uongo wa majuma saba, mbele ya wale wale walioufurahia. Wote walikuwa wakingoja.

"Halivuji," alisema Anyosisye. Wala hakudanganya, kwa kuwa halikuwa na cha kuvuja.

Lwitiko alimwambia ndaga, kama wanavyoshukuru watu wa kwao, akapanda. Lori likaondoka na magunia themanini.

Jumamosi ulifanyika mkutano. Mwankenja aliandika kwa mkono wake kwamba chanzo ni ukali wa mteremko, na wote waliokuwapo wakaafiki, Tusekile naye. Osia hakucheka. Anyosisye alikaa nyuma, mikono yake ikinuka sabuni. Aliulizwa kama fundi ana la kuongeza, akasema hana.

Ninyi mnaosikia haya na kumkasirikia Mwakalobo, mna haki. Lakini kabla hamjaenda kumtupia mawe, ulizaneni: nyumbani kwenu, kanisani kwenu, katika vikao vyenu, ni kitu gani mlichokipa jina la jasho, na leo asubuhi ni nani aliyekipangusa?

Kwenye kona ya tatu ya mteremko wa Lusanje meno ya gia yalikatika, na lori likakosa gia ya kulizuia. Lwitiko Mwasomola alifariki Alhamisi ile ile, saa nne asubuhi.