Dole Gumba la Namkunda

Mmeniondoa kwenye maharage yangu, na yakiungua mtayala hayo hayo. Kila anayekuja hapa, "Bibi, tusimulie," kama vile mdomo wangu hauna kazi nyingine. Haya, kaeni. Ila msiniulize nani alishinda. Mimi sijui, na walionizidi elimu hawajui.

Kulikuwa na watu watatu huko milimani Upareni. Nakiete, mkamwana mjane, alikuwa na mikono. Hata jiwe angeliuguza likapona. Mbonea, binti kitindamimba, alikuwa na mdomo usioogopa kiti wala aliyekikalia. Mzee Mchome, jirani, hakuwa na mke wala mtoto, ila alikuwa na kumbukumbu. Ugomvi wa juzi na wa miaka thelathini aliuweka kapu moja.

Na alikuwepo Namkunda mwenyewe, mama wa nyumba, mkwewe Nakiete na mamaye Mbonea. Miaka arobaini alikwangua tangawizi kwa kisu na dole gumba, akajenga nyumba ya matofali, akasomesha. Mzaliwa wake wa kwanza, Elisante, alishuka mjini angali kijana, na tangu hapo alipanda mlimani siku za misiba tu.

Namkunda akapigwa na kiharusi. Mguu ukalala, ulimi ukalala. Elisante akaja, akakaa siku mbili, akaondoka. Mwezi uliofuata akapanda mwanamume mmoja na karatasi. Karatasi ilisema Namkunda amempa mwanawe mamlaka ya kuuza nyumba na shamba. Chini kulikuwa na alama ya dole. Mwana alikuwa ameshauza, na waliomo wahame kabla ya mvua za vuli.

Namkunda alisikia yote akiwa kitandani. Chozi lilimtoka upande mmoja wa uso, ule uliobaki hai.

Nakiete alifanya lake. Alimgeuza mchana na usiku, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamkanda. Majirani wakamwambia, "Mumeo alishakufa na huyu si mama yako. Rudi kwenu."

"Nikirudi, nani atamgeuza? Nyinyi?"

Wakakumbuka wana shughuli nyumbani. Miezi minane, mgonjwa hakupata hata kidonda kimoja cha mgongo, na ulimi ukafunguka.

Mbonea alifanya lake. Alishuka mahakamani mara kumi na moja, kila mara akiambiwa arudi wiki ijayo, na kila wiki ijayo walimkuta mlangoni. Elisante akampigia simu. "Wewe umeolewa. Ya kwetu yanakuhusu nini?"

"Kaka, karatasi yako hata ingekuwa ya kweli, ilikuweka umsimamie mama. Haikukupa kumrithi angali anapumua."

Akapata zuio. Hakuna kuhama mpaka kesi isikilizwe.

Siku ya kesi Namkunda alibebwa kwenye kiti. Akasema hakuweka dole popote. Elisante akainamisha kichwa kwa huzuni ya kununua. "Mheshimiwa, mama anaumwa. Amesahau." Na hapo kesi ikaanza kupinda, maana mzee akikana jambo, watu huuangalia ugonjwa wake kabla ya maneno yake.

Ndipo Mzee Mchome akafanya lake. Aliomba kuiona karatasi.

"Mheshimiwa, dole hili lina mistari."

"Mzee, madole yote yana mistari."

"La Namkunda halina. Tangawizi imelila. Tulipokwenda kusajili laini za simu, mashine ilimkataa mara nne, akaiita mchawi. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni."

Wino ukaletwa. Namkunda akabonyeza, likatoka doa jeusi, laini kama kitako cha sufuria. "Sasa abonyeze na mwanawe," akasema Mchome.

Wataalamu wa alama wakalinganisha, Elisante akakiri. Alilibonyeza dole la mama yake, mama akiwa hajitambui, likatoka doa. Akaogopa mnunuzi atalikataa, akaweka lake. Angeishi na mama yake msimu mmoja tu wa tangawizi, angejua.

Nyumba ikarudi. Namkunda akasema, "Sitaki ikatwe vipande. Ataichukua mmoja, aliyenirudishia. Jumamosi nitaandika wosia mbele ya mashahidi, nimtaje."

Mbonea akamwambia, "Mama, kwa nini usiandike leo?"

"Nimekuwa bubu miezi minane. Siku tatu zitaniua?"

Alikufa Ijumaa.

Ukoo ukakaa, ukakubali neno la marehemu liheshimiwe. Lakini ni nani? Nakiete akasema, "Angekufa kitandani, nani angebonyeza ule wino?" Mbonea akasema, "Bila mimi mngekuwa mmeshafukuzwa. Kesi ingetoka wapi?" Mzee Mchome akasema, "Bila mimi mngeshindwa, hata Namkunda akiwa hai na nyinyi mkiwa mahakamani. Na mimi, nani atanigeuza?"

Haya, leo ukoo ni nyinyi. Mngempa nani? Msiniambie wagawane, mwenye nyumba alikataa.

Elisante yeye aliamuliwa zamani. Alifungwa miaka minne. Langoni mwa gereza walimtaka dole gumba, likatoka na mistari yote. Mama yake akafa naye yumo ndani. Kwenye ukoo ule, udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mzaliwa wa kwanza. Wazee walisimama kidogo wameshika makoleo, kwa mazoea, kama mtu atatokea njiani. Kisha wakafukia. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, na haina rufaa.