Kwa Nini Kidonda Huwaka Moto

Sogeeni karibu, acheni kusukumana, maana haya yanamhusu kila mwenye ngozi. Hapo kale, mwili wa mwanadamu ulikuwa bado haujajifunza kulalamika. Mtu aliumia asijue. Alikanyaga mwiba akaenda nao shambani na kurudi nao. Alijikata na panga akaendelea kupiga soga, mpaka mwenzake amwambie, "Wewe, mbona unachuruzika?" Uvimbe haukuwepo, homa haikuwepo. Hata uchungu wa kuzaa haukujulikana, kwa sababu Muumba mwenyewe alikuwa akishuka kila mara kumfungulia mtoto mlango.

Hakuna waliojivunia hali hiyo kama wafua vyuma wa milimani. Kwao, kijana hakuruhusiwa kugusa mvukuto mpaka akamate chuma chekundu kwa kiganja kitupu, ukoo ukimtazama. Viganja vyao vilikuwa vyeusi kama matako ya vyungu. Wengine walikuwa na vidole pungufu, na walicheka walipoonyeshana mahali vilipokuwa.

Mmoja wao aliitwa Mbonea, mume wa Nakijwa. Siku moja kibanzi cha chuma kiliruka kikamwingia pajani. Hakukisikia. Alikula, akafua majembe, akaimba, na nyama ikawa inaoza ndani kwa ndani bila kumwambia mtu. Harufu ilipotoka nje, mambo yalikuwa yameisha. Alianguka akiwa ameshika mvukuto, maneno ya mzaha yangali mdomoni.

Nakijwa alipomwosha mumewe aliona lile paja, akaliinamia. Watu walidhani analia. Kumbe anafikiri. Walipomaliza kuzika, alichukua jembe la mwisho alilolifua Mbonea, akaliweka begani, akapanda mlima mpaka kule mawingu yanakokaa. Akaliweka chini mbele ya Muumba kama zawadi.

"Baba," alisema, "sikuja kudai mume. Nimekuja kuuliza. Zizi la mbuzi lina mbwa wa kubweka. Mwili wa mtu mbona umeuacha hivihivi?"

Inasemekana Muumba alicheka, ukungu ukatikisika. Akamwambia matarishi wa kazi hiyo anao, ila ni wakali. Wakiingia hawatabagua mkubwa na mdogo. Watawasha moto, wataita damu ije mbio, watavimbisha nyama na kumnyima mtu raha.

"Wakali ndio ninaowataka," Nakijwa akajibu. "Wapole tungewazoea."

Basi Muumba akachukua mafuta kidogo, yaleyale ya mwili wa mtu, akayakanda, akaficha chembe zake katika kila pembe ya nyama. Akaamuru kwamba mahali pakiumia, hapohapo matarishi wazaliwe, wapige kelele, kisha wafe palepale kama cheche. Na ili wasikae bure siku za amani, akawapa kazi ya kukandika ukuta wa tumbo kila siku, kwa kuwa tumbo lina ukali unaoweza kulila tumbo lenyewe. "Na mlango wa mtoto nawaachia wao," akasema. "Huu mlima wenu una mteremko mbaya, nimechoka kushuka."

Nakijwa hajafika nyumbani akasikia vyuma vinaanguka, vinalia kwenye mawe. Sekiete, mdogo wake Mbonea na mkuu wa tanuri, alikuja kumpokea huku mkono ameutumbukiza kwenye mtungi wa maji.

"Shemeji, umetuletea nini?"

"Nimekuletea mkono wako, shemeji. Ulikuwa hujui kama unao."

Watu wa mashambani walizoea upesi. Aliyechomwa na mwiba sasa alijua, akautoa, akapona. Lakini wafua vyuma waliona aibu. Mtu aliyezoea kucheka na moto atawezaje kusema "aii" mbele ya wenzake? Wakahangaika porini wakijaribu majani na mizizi, mpaka wakapata gome moja chungu kando ya kijito. Anayekunywa maji yake, matarishi wake hawazaliwi. Sekiete akafanya iwe desturi: kila asubuhi kibuyu kizunguke kabla moto haujawashwa. Majigambo yakarudi palepale, na aliyekataa kunywa aliitwa kuku jike.

Ila matumbo yao hayakuwa na wa kuyakandika tena. Mafundi wakawa wanajikunja, wengine wanatema damu. Wakalaumu maharage. Wakalaumu wake zao. Kibuyu hawakukilaumu.

Ndipo Nambua, binti wa pekee wa Nakijwa, aliporudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyokuwa mila. Mgongo ulimsumbua. Sekiete, baba yake mdogo, akawa anampelekea gome kwa upendo wake wote. "Kunywa, mwanangu. Binti wa tanuri halalamiki." Nambua akanywa, siku hata siku, na mama yake akiwa shambani hakujua.

Wakati wake ukafika. Chupa ya uzazi ikapasuka asubuhi, maji yakamwagika, halafu kimya. Tumbo lilitulia kama jiwe. Wanawake wakaangaliana. Muumba hashuki tena, na mtoto yuko mlangoni hana wa kumfungulia. Sekiete akabisha hodi, kibuyu mkononi. "Mwongezeeni kidogo, apumzike."

Nakijwa alikinusa kile kibuyu, akaelewa yote. Akakimwaga majivuni.

"Shemeji," Sekiete akasema, "unataka mwanao apige mayowe ukoo mzima usikie?"

"Nataka apige mpaka baba yake asikie huko aliko."

Akamkalisha Nambua katikati ya magoti yake, akamnywesha uji, akamshika kiuno, akangoja nguvu ya gome imwishe mwilini. Alizika mume kwa sababu ya ukimya. Hakuwa tayari kuzika mtoto na mjukuu kwa ukimya uleule. Jua likapanda, likaanza kuinama. Nambua akashtuka.

"Mama, kuna kitu kinanikaba kiunoni."

"Ndio wenyewe hao. Wamekuja. Wafuate, mwanangu, usishindane nao."

Nambua akalia. Sauti yake ilipita migomba, ikapita tanuri, ikapiga upande wa pili wa bonde. Mivukuto ikasimama mmoja baada ya mwingine. Na kabla jua halijazama, sauti nyingine ikajibu, nyembamba, ya mtoto wa kike mwenye hasira zake.

Sekiete alikuwa ukutani kwa nje, jasho linamtiririka. Akasema, wote wakasikia, "Chuma cha moto nimekibeba tangu ujana wangu. Kazi kama ile sijaifanya hata siku moja."

Na tangu siku hiyo, kidonda huvimba, kikawaka moto na kupwitapwita, kwa sababu matarishi wa Nakijwa wamefika kazini. Gome hunywewa kwa kiasi, tena mtu akiwa ameshiba, na mja mzito hapewi. Mafundi wa milimani hawapimwi tena kwa kukamata chuma chekundu. Na hadi leo, mwanamke akilia kwa uchungu wa kuzaa, wao huacha nyundo chini na kusimama wima. Hakuna anayekaa mpaka mtoto asikike.