Uzi wa Mvunguni kwa Bi Mwanakombo

Wahenga hawakumtaka mtu ainame ili adhalilike. Walijua tu kwamba kitanda hakijiinui chenyewe.

Mwalimu Didas hakupenda kuinama. Alikuja Temeke kutoka Bukoba na vyeti viwili, shati jeupe lisilo doa, na shingo iliyonyooka kama mnazi. Enzi hizo za Mwingereza, shule yake ilikuwa imeachiwa darubini kuukuu na padri aliyerudi kwao. Ubavuni mwa darubini hiyo palikuwa na nyingine ndogo ya kulengea, na ndani ya hiyo ndogo nyuzi mbili nyembamba zilizopishana. Nyota ikikaa penye makutano ya nyuzi, huonekana katika ile kubwa. Pasipo nyuzi, ni kuwinda sisimizi gizani.

Mkaguzi wa Kizungu alikuwa ametoa neno: Ijumaa jioni angekuja kuona kama mwalimu Mwafrika anaiweza darubini. Asipoiweza, ingehamishiwa shule ya watoto wa Kizungu.

Jumanne Didas aliifungua ile ndogo, akachovya kitambaa majini, akasugua kila kilichokuwa ndani. Kufumba na kufumbua, nyuzi zikakatika.

"Andika barua Ulaya, bwana," mwalimu mwenzake Fransis alimcheka. "Miezi sita tu, meli italeta nyingine."

"Naitengeneza mwenyewe, nyumbani kwangu!" Didas aliwaka. "Ijumaa uje na macho yote mawili!"

Jumatano alitega uzi wa cherehani. Ulionekana mnene kama gogo, ukameza nyota nzima. Alhamisi asubuhi aling'oa unywele wake. Ukajikunja, ukakataa katakata kunyooka.

Dawa aliijua. Alikwisha kusoma kwamba mafundi hutumia uzi wa buibui, na buibui walijaa kwa mwenye nyumba wake, ajuza wa Kizaramo, Bi Mwanakombo. Lakini mwezi uliopita Didas alishika ufagio kuwafagia ukumbini, naye bibi akampokonya.

"Buibui alitanda mlangoni mwa pango, Mtume akasalimika," alisema. "Nyumbani kwangu haguswi."

"Uchafu tu huo," Didas alimjibu, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Alhamisi alasiri alipita mlangoni pa bibi mara tatu. Mara ya nne alisimama, akameza mate machungu kama shubiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe ulimi haukuoza?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na… kuomba buibui."

"Buibui? Si uchafu, mwalimu?"

"Uchafu ulikuwa kinywani mwangu, bibi."

Bi Mwanakombo alicheka hadi kanga ikamdondoka begani. "Yuko mvunguni, kwenye kona ya mwisho. Mie magoti hayakunjiki tena. Ingia mwenyewe, na ole wako umvunje mguu!"

Didas akalala kifudifudi kwenye sakafu ya udongo, shati jeupe na vyeti vyake viwili, akajivuta kama kenge. Aliponyoosha mkono kwenye utando, bibi akamkemea.

"Acha huo! Umeshika vumbi la mwaka mzima. Mpandishe kijitini umtikise. Akishuka atatoa uzi mpya."

Ndivyo ilivyokuwa. Buibui alishuka, na Didas akauzungusha uzi kwenye panda ya waya, mwembamba hata jicho liliupoteza. Kisha akamrudisha buibui konani kwake. Aliporudi chumbani mwake, ndani ya ile darubini ndogo hakutega nyuzi mbili kama zamani. Alitega nne, mbili zikipishana na mbili, akazishika kwa matone ya lakiri ya kufungia barua. Katikati pakabaki kidirisha cha mraba, nyota ikae humo bila kufunikwa na uzi.

Ijumaa, jua lilipozama, uwanja wa shule ulifurika watu, Bi Mwanakombo miongoni mwao. Mkaguzi, mrefu kama mlingoti, akaelekeza fimbo magharibi. "Ile. Zuhura."

Didas akalenga mara moja tu. Zuhura akaingia kidirishani na kutulia kama bwana harusi.

"Tayari, bwana. Ila itabidi uiname."

Mkaguzi akainama kwenye ile kubwa. "Ina pembe," alisema, "kama mwezi mchanga!" Akachungulia na ile ndogo. "Nani ametega nyuzi hizi?"

"Mimi, bwana, pamoja na Bi Mwanakombo na mpangaji wake wa mvunguni."

"Basi darubini itabaki hapahapa."

Vigelegele vilipaa. Fransis naye akaja, macho yote mawili, akapiga goti kuchungulia. Didas akamshika bibi mkono na kumsogeza mbele ya wote. Kwake yeye aliishusha darubini hadi usawa wa jicho lake, kwani magoti yake yalikwisha kustaafu. Waliobaki, Mzungu na Mwafrika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.