Ndama Jike wa Mama Subilaga

Kaeni vizuri. Na mwenye tabia ya kukatiza wenzake anyamaze kwanza, zamu yake itafika.

Kijijini kwetu, huko Rungwe, walikuwepo watu watatu, kila mmoja na chake. Gwantwa hakuwahi kutupa kitu. Nyumba yake imejaa makopo hadi uvunguni, na tulimcheka sana. Lugano, karani mstaafu, aliweza kuandika jambo la kuudhi bila kuonyesha kuwa ameudhika. Wa tatu ni Asajile, msaidizi wa daktari wa mifugo. Huyu ukimuuliza hadanganyi. Usipomuuliza, hasemi.

Basi ng'ombe wa Mama Subilaga, mjane, akashikwa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Alikuwa naye huyo huyo mmoja, na maziwa yake ndiyo yaliyowalisha wajukuu wanne. Daktari Mwakifuna akaja na Asajile, akamchoma ng'ombe sindano, akawasha pikipiki wakaondoka. Siku ya tatu ng'ombe akafa.

Mama Subilaga akaandika barua kwa baraza linalotoa leseni za madaktari wa mifugo. Ikarudi, maana alikuwa amemwita daktari mchawi. Akaandika ya pili, akaeleza ulevi wa daktari na jinsi alivyomkimbia mke wa kwanza. Nayo ikarudi: "Eleza kosa la kikazi." Msicheke, hata mimi ningeandika hivyo hivyo.

Ndipo Gwantwa akaja na chupa tupu ya dawa, aliyoiokota zizini siku ile ya sindano. "Dada, hebu soma hii tarehe." Dawa ilikuwa imepita muda wake miezi saba.

Lugano akachukua kalamu. Jina la daktari, namba ya leseni, siku aliyokuja, dawa aliyochoma na tarehe iliyoisha muda wake, siku ng'ombe alipokufa. Ukurasa mmoja basi.

"Na uchawi je?" akauliza Mama Subilaga.

"Uchawi hauna leseni, mama. Tuuache."

Barua hiyo ikapokelewa, wakaitwa wote kikaoni. Daktari akasema chupa ile si yake, imeokotwa jalalani. Mwenyekiti akamgeukia Asajile: "Ni yenu?" Asajile alijua akijibu hana kazi tena. Akajibu, "Ni yetu. Niliitoa kwenye mkoba kwa mkono wangu." Daktari akafungiwa leseni mwaka mzima, na kwa aibu akakubali kumpa mjane mtamba mwenye mimba.

Mtamba akazaa jike. Sasa, kikundi chetu cha wafugaji kina sheria: ukipewa ng'ombe, na yeyote yule, ndama jike wa kwanza unampa mwenzako asiye naye. Mmoja tu, na unamchagua mwenyewe. Na hao watatu, hakuna hata mmoja mwenye ng'ombe.

Wakakutana kwa mjane, nami nikiwepo. Gwantwa akasema, "Bila chupa yangu mngelalamikia nini?"

Lugano akasema, "Chupa bila barua ingebaki uvunguni kwako. Barua mbili zilirudi, yangu haikurudi."

Asajile akasema, "Daktari aliikana chupa, na barua pamoja nayo. Nani mwingine angemkanusha? Na mimi ndiye niliyepoteza kazi."

Gwantwa akamtazama. "Siku ile ulipoitoa dawa kwenye mkoba, uliiona tarehe?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Sikuulizwa."

Mama Subilaga akakaa chini. Iliniuma kumwona. Akasema, "Asajile mwanangu, ungesema siku ile, ng'ombe wangu angekuwepo. Usingesema kikaoni, huyu ndama asingekuwepo. Sasa mimi nikufanyeje?"

Asajile hakujibu, na safari hii alikuwa ameulizwa.

Msiniambie wagawane, ndama si mkate. Kikundi kinakaa Jumamosi, daftari lina nafasi ya jina moja, na mjane ataishi na majirani hao watatu maisha yake yote. Haya, wewe uliyekuwa na hamu ya kunikatiza, sema sasa: ungekuwa Mama Subilaga, ungemwandika nani?