Lori Lisilo na Mwenyewe

Lori la alizeti lilimvunja mguu Siwema, mshona magunia, pale mnadani, kisha likatokomea. Mji mzima ulijua ni la tajiri Mughwai. Lakini alipodaiwa gharama za hospitali na za mazoezi ya mguu, Mughwai aliapa kwamba siku ile malori yake yote yalikuwa yamelala uani.

Siwema akajikongoja kwa magongo hadi dukani kwa Mughwai, akiongozana na mwenyekiti wa mtaa.

"Tajiri, leo nimekuja kurudisha, si kudai," alisema kwa upole. "Lori lile liliponigonga liliangusha kitu kinachong'aa. Namtafuta mwenye lori nimkabidhi."

Macho yalimtoka Mughwai. "Kinang'aa? Basi ni changu! Lori lile lilikuwa langu!"

"Na wengine watasema hivyo hivyo, tajiri. Utakubali kuandika?"

Mughwai aliandika upesi, akatia sahihi na mhuri wa duka. Mwenyekiti akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Ndipo Siwema akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha kioo cha taa ya mbele.

"Pokea mali yako, baba. Sasa tuzungumze habari za mguu wangu."