Nzuri ya Mlangoni

Wapendwa, wekeni simu mfukoni kidogo. Nataka niwapeleke ng'ambo asubuhi hii, na hamtahitaji pasipoti.

Alikuwepo mwalimu mmoja wa sekondari, mwalimu wa hesabu, mtu wa watu, aliyepata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili katika nchi moja ya baridi. Kanisa lake lilimsindikiza kwa maombi na kwaya mbili. Mwenyewe aliondoka kifua mbele, maana wilaya nzima hapakuwa na mtu wa kumfundisha yeye kukokotoa.

Akafika. Wiki ya kwanza tu akagundua kwamba kule hesabu hazifanywi kwa chaki. Zinafanywa kwenye kompyuta, kwa programu ambayo wenzake, wadogo wa kuwazaa, waliizoea tangu shahada ya kwanza. Mhadhiri akisema fungueni hiki, wenzake wameshafungua, wameshamaliza, wanakunywa kahawa. Yeye bado anatafuta pa kubonyeza. Na sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukifeli masomo mawili muhula wa kwanza, unarudi kwenu. Jamani, mtu mzima, mwalimu, arudi wilayani kwake amefeli hesabu? Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Ila hakutupwa. Alipewa msimamizi, profesa, mama mmoja wa makamo, mtu mwema kabisa. Kila Jumatano alimwita ofisini kwake na kumuuliza, "Mambo yanakwendaje?"

"Mazuri, Profesa," anajibu mwalimu wetu.

"Nimefurahi. Tuonane Jumatano ijayo."

Mwalimu anabaki amekaa, mikono magotini, anasubiri. Anasubiri nini? Ninyi mnajua anasubiri nini. Kwetu mtu anauliza habari mara ngapi? Habari za asubuhi, nzuri. Za nyumbani, nzuri. Watoto, hawajambo. Na kazi je? Hapo sasa ndipo mtu anashusha pumzi: "Nzuri tu, ila..." Na baada ya hiyo ila ndipo unaposikia kwamba bati limeezuliwa na upepo na mtoto amelazwa, leo siku ya tatu. Mnacheka kwa sababu ni ninyi. Mwezi uliopita mmoja wenu alinijibu "nzuri" mara nne, na tulikuwa tumekaa kwenye msiba wa kaka yake.

Kwa hiyo mwalimu alisubiri swali la pili. Profesa, kwa upande wake, akaona mgeni wake hainuki, akadhani labda ndiyo heshima ya kwao, akatabasamu na kumfungulia mlango. Jumatano iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine vilevile, na yule mtu anazidi kuzama.

Msimwite mnafiki. Ile nzuri ya kwanza si uongo, ni adabu. Humtwishi mtu mzigo wako kabla hajakaa vizuri. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa mimi na wewe.

Mitihani ya katikati ya muhula ikafika. Masomo mawili, yote mawili chini. Ikabaki mitihani ya mwisho, wiki sita mbele, na baada ya hapo ni ndege ya kurudi. Profesa akamwita, faili liko wazi mezani.

"Umekaa kwenye kiti hicho mara saba," alisema. "Mara zote saba umeniambia mambo ni mazuri. Kwa nini ulinidanganya?"

Neno hilo lilimchoma. Mtu huyu hajawahi hata kupunguza umri wa mtoto ili apande basi kwa nauli ya nusu. Lakini safari hii alijikaza.

"Sikukudanganya, Profesa. Kwetu lile ni jibu la mlangoni. Nilikuwa nasubiri uniulize tena."

"Huku tukiuliza, tumeuliza," alisema yule mama. "Sikujua." Kisha akafunga faili, akalisogeza pembeni. "Haya. Nakuuliza tena. Mambo yanakwendaje?"

Mwalimu akamwaga yote. Kompyuta, aibu, baridi, mke aliyebaki nyumbani na mtoto mchanga, yote. Kabla hajanyanyuka alikuwa ameshaandikishwa darasa la ziada la ile programu, Jumatatu na Alhamisi, na alilihudhuria bila kukosa. Mitihani ya mwisho alifaulu masomo yote.

Nawaona mnataka kupiga makofi. Msipige bado.

Alipokuja likizo, kanisa lake lilimwandalia ibada ya shukrani. Akapewa nafasi, akasimulia kama nilivyowasimulia. Waumini wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema, wazungu bwana, hata kusalimiana hawajui. Mama mmoja, mzee wa kanisa, akasimama na machozi yanamlengalenga.

"Mwanangu, kumbe uliteseka kiasi hicho," alisema. "Kwa nini hukutuambia sisi wenzako, tunaojua kuuliza?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alikuwa hataki kulisema hilo, lakini ameulizwa.

"Niliwaambia, mama. Jumapili ya mavuno, wiki moja kabla ya mitihani ile iliyonishinda, mlinipigia simu katikati ya ibada, mkaiweka kwenye spika kanisa zima lisikie. Mkaniuliza habari za huko. Nikasema, 'Nzuri, ila...' Mkapiga makofi. Kwaya ikaanza. Simu ikakatwa."

Na aliyeshika simu siku hiyo alikuwa mchungaji. Msiniulize mchungaji wa wapi.

Sasa tumlaumu nani, wapendwa? Yule profesa hakulelewa na mama zetu, na alipoelezwa mara moja alielewa mara moja. Sisi ndio tunaojua. Tunajua kabisa kwamba nzuri ya kwanza si jibu, na bado tunaishika hiyohiyo na kukimbia nayo. Kwa nini? Nitawaambia ukweli, hata kama unauma, maana unaniuma na mimi. Watoto wetu walioko vyuoni, hasa hawa walioko mbali, tumewageuza kuwa sifa zetu. Tunapowapigia simu tunataka ushuhuda, hatutaki habari. Na mtoto ana akili, akishajua unataka ushuhuda, atakupa ushuhuda mpaka siku anayorudishwa.

Mungu wetu si hivyo, na mimi hilo nina uhakika nalo kuliko jina langu. Anazisikia nzuri zetu zote, anatuacha tuzimalize, na bado yupo palepale anangoja ile ila. Kama amekuvumilia wewe miaka yote hiyo, unashindwaje kumvumilia mwanao dakika mbili za simu?

Basi ukitoka hapa leo, yuko mmoja unayemfahamu, anasoma mbali. Mpigie. Akikwambia nzuri, usiseme amina. Muulize tena. Kisha vuta kiti, ukae.